Tundu kwenye Ndege ya Mjomba

Juzi nilipita kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Nyaribo nikaona ndege ndogo ikiwashwa injini, na harufu ya petroli ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu. Mjomba Ndirangu, kaka yake mama, alikuwa na kazi ya kuwapelekea wanunuzi ndege zao, na siku hiyo alitua hapo kutusalimia. Alinipakata kwenye kiti chake. Mbele yetu kulikuwa na mita nyingi, na katikati tundu lililozibwa kwa kitambaa cha mafuta. Nilidhani ndimo anamoficha peremende.

"Hapo palikuwa na mita ya akiba," fundi wake, Muriuki, alimwambia mama. "Ukiwa ndani ya mawingu ndiyo inakuonyesha kama ndege imelala upande. Ile nyingine inakwama. Mimi nimemwambia tungoje."

"Ati tungoje nini?" Mjomba alicheka, akiuonyesha kidole mlima uliokuwa mbele yetu. "Huu mlima naujua kama shamba langu."

Mama alinishusha kitini. Wakaruka wawili hao, na mawingu yalikuwa yameshafunika mlima.

Walianguka kwenye mashamba ya mpunga, Mwea. Muriuki alikatwa mguu. Jumapili iliyofuata Mjomba alikuwa mezani kwetu, mtaa wa Skuta, mkono umefungwa bandeji, akitafuna nyama na kuiga jinsi fundi wake alivyopiga mayowe. Mafuta yalimtiririka kidevuni. Mama alisukuma sahani yake akatoka nje.

Nikikumbuka naona haya, na si kwa ajili ya Mjomba peke yake. Mimi nilimwona shujaa, nikamwomba aige tena.