Bundi Hana Gari

Nimepata habari kwamba yule mama wa duka la chumvi na mafuta ya taa, jirani yangu wa zamani kule Rubongi, amefariki wiki iliyopita, mzee wa kutosha na kitandani kwake. Nimeumia. Aliyenipigia simu akaongeza, kana kwamba ananipa sababu, kuwa bundi alilia siku moja kabla. Nilicheka huku machozi yakinitoka, maana marehemu angemjibu vizuri kuliko mimi.

Enzi zile za utawala wa jeshi, bondeni kwetu, kando ya mto, aliishi bundi asiyehama masika wala kiangazi. Watu walipotoweka, nasi tulikuwa pua na mdomo na kambi ya askari, hakuna aliyethubutu kutaja waliowachukua. Tukawa tunasema, "Bundi amelia kwa fulani," na kila mtu anaelewa. Lilikuwa neno la kujikinga tu, lakini tulilisema mno hata wengine wakaliamini. Mume wa mama huyo, dereva wa lori, alipochukuliwa mchana mbele ya duka, jioni ileile vijana walibeba shoka wakaukate mti wa yule ndege. Mama akawafuata, nasi nyuma yake, akauegemea mti.

"Huyu ndege nalia hapa mwaka mzima," alisema kwa Kiswahili chetu cha kule, bila kupaza sauti. "Kama kulia yake naua watu, sisi wote tungekwisha. Bwana yangu, watu ya gari ndiyo walichukua. Bundi hana gari."

Tuligeuka kutazama nyuma, kwa kuwa maneno hayo yangeweza kumpeleka alikopelekwa mumewe. Mzee mmoja akamsihi, "Mama, nyamaza, iko na watoto."

"Hao watoto watauliza baba yao alienda wapi. Nitawaambia ndege?"

Shoka likashushwa. Mti ulibaki, mume hakurudi.

Siku hizi kambi ile haitutishi, ila mazoea hayajatutoka. Daraja likianguka tunalaumu mvua, dawa zikikosekana zahanati tunasema ni mapenzi ya Mungu, na waliokula fedha wanaitikia amina pamoja nasi. Inaniudhi. Kwa hiyo nimemwambia rafiki yangu wa simu kwamba bundi alilia juzi, akalia jana, na leo atalia tena. Mama yetu amechukuliwa na uzee. Mumewe alichukuliwa na askari, mchana, kwa gari, na nilikuwepo nikaona.