Msichana Aliyekataa Kufuta Mchanga

Mimi niliingia darasani nikiwa mtu mzima, kwenye gumbaru, na Kiswahili changu nilikipata soko la Garissa nikiuza maziwa. Kwa hiyo akina mama wa mtaa wetu wa Waberi waliponiomba nikae na watoto wao kabla hawajaingia darasa la kwanza, sikujifanya mwalimu. Ilikuwa miaka ya tisini. Wengi walikuwa watu ambao ukame umewamalizia ngamia, wakahamia mjini na mbuzi wachache. Watoto hawakujua ila Kisomali, na shuleni wangeulizwa kwa Kiswahili.

Ubao hatukuwa nao. Tuliandika mchangani kwa kidole, nyuma ya nyumba yangu. Ukimaliza herufi, unaifuta kwa mguu, unaandika nyingine.

Msichana mmoja alikataa. Asubuhi alikuwa duksi, kwa maalim wa Kurani. Kule aya huandikwa kwenye ubao wa mti, ikishahifadhiwa huoshwa, na maji yake hayamwagwi mahali watu wanapokanyaga. Yeye akaona maandishi yote ni mamoja. Akishaandika "a" yake, anakaa mbele yake na kuitandazia mikono. Wenzake wanataja "kikombe", wanataja "mlango", yeye bado mlinzi wa herufi moja.

"Naaya, wewe msichana, futa!" walimcheka. "Hiyo si ya Mungu, ni ya ayeyo!" Ayeyo, yaani bibi, ndiye mimi.

Mama yake akaja.

"Huyu kichwa kimefungwa," akasema. "Jumamosi atawapeleka mbuzi wetu Habaswein kwa mjomba wake, abaki kuwachunga."

"Kichwa kiko wazi. Anaogopa dhambi."

"Dhambi ya mchanga? Wallahi, mama, wewe unamtetea tu."

"Jumamosi haijafika," nikamwambia.

Jioni nilikwenda kwa maalim. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza hadi mwisho, akikuna ndevu.

"Herufi zako si Kurani," akasema. "Lakini mguu wa nini? Mkono umekatika?"

Kesho yake nikatangaza: atakayefuta kwa mguu, uji ninaowapikia hapati. Msichana akaniangalia.

"Maalim kasema?"

"Kasema."

Akaweka kiganja juu ya "a" yake, akausawazisha mchanga polepole kama anayetandika kitanda cha mtoto mchanga. Halafu akaandika "e". Siku hiyo hakunyamaza tena, na mimi kelele sizipendi, lakini nilimwacha. Nimewaona watoto wengi tangu hapo, na anayechelewa siku hizi simwiti mzito mpaka nijue anangoja nini.

Ijumaa baada ya sala mama yake alikuja kumchukua. Alisimama juani, hasira usoni. Mtoto akainua kichwa, akamwita mama kwa Kisomali na yaliyobaki akayasema kwa Kiswahili, "Hoyo, karibu. Kaa kivulini."

Mama yule Kiswahili hakujua. Akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anakukaribisha. Anasema ukae kivulini."

Akakaa. Alimtazama mwanawe akiandika, akifuta kwa kiganja, akiandika tena. Mwisho akamuuliza mtoto, "Na mbuzi?"

"Hilo si la kuulizwa mtoto," nikamjibu mimi.

Akajifunga shuka yake vizuri kichwani.

"Nitawapeleka Habaswein mwenyewe. Huyu atalala kwako mpaka nirudi."

Hakuniuliza kama nakubali. Niliingia ndani, nikatoa mkeka wa pili.