Bomba Jipya la Moshi na Mgambo Waliolala Kifudifudi

Nilipokuwa mwalimu kijana pale Kihesa, Iringa, katika miaka ya sabini, nilinunua pikipiki kwa bwana mifugo aliyepewa uhamisho. Injini yake ilikuwa nzima, ila bomba la moshi lilikuwa limeoza kiasi kwamba kidole kikiingia upande huu kilitokea upande wa pili. Likizo ya Juni nilikwenda Mbeya kumsalimia dada yangu, nikapata bomba jingine kwenye duka la vipuri Mwanjelwa. Halikuwa la aina ya pikipiki yangu. Lilikuwa fupi, pana, linang'aa kama tarumbeta. Mwenye duka, mzee wa asili ya pwani, alilipangusa kwa pindo la kanzu yake akasema, "Mwanangu, hili litaipa pumzi mpaka ushangae."

Nilirudi nalo Iringa ndani ya basi, nimelipakata kama mtoto mchanga. Mama aliyeketi pembeni yangu aliniuliza linapulizwa upande gani.

Fundi wetu wa Kihesa alilifunga mara moja. Alipomaliza hakusimama. Alibaki amechuchumaa, anajikuna kidevu.

"Mwalimu, kazi bado. Hili linatoa moshi upesi kuliko lile la zamani. Sasa hewa itakuwa nyingi, mafuta machache. Niachie nirekebishe kabureta."

Kwa bahati mbaya mwalimu mkuu wangu alikuwa anapita. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayefundisha sayansi na kuvaa tai hata siku ya kupanda miti. Alisimama akacheka.

"Fundi, usimsumbue kijana. Bomba liko nyuma, kabureta iko mbele. Injini itajuaje kama limebadilishwa? Ina macho kisogoni?"

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika taarifa zangu za kazi. Nikasema pikipiki iko sawa kabisa.

Haikuwa sawa. Kila nilipopunguza mafuta ilipiga "Pa!" kama bunduki. Nilipoteremka kutoka mjini kwenda Ipogolo ilipiga mfululizo, na watu walitoka majumbani kuangalia nani kaja. Jirani alidai kuku wake wameacha kutaga. Mwalimu mkuu alisema tuipe muda, bomba bado geni, litazoea.

Wiki iliyofuata tulitakiwa kufungua darasa la kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja bondeni. Mwalimu mkuu alipanda nyuma yangu, mkoba wa chaki kifuani, tai ikipepea. Barabara ilishuka mteremko mkali hadi kwenye uwanja wa mpira, na uwanjani mgambo wa kijiji walikuwa mazoezini na bunduki zao za mbao. Mkufunzi wao alikuwa anazunguka mbele ya safu akifoka, "Adui hapigi hodi! Mmenisikia? Adui hapigi hodi!"

Nikapunguza mafuta ili nisiwapite kwa kasi.

Pa! Pa-pa! Pa!

Safu nzima ilianguka kifudifudi kwa mpigo. Mmoja alitambaa hadi golini. Mwalimu mkuu, ambaye alijua vizuri sauti ile inatoka wapi, naye aliruka akajitupa katika shamba la viazi na mkoba wake. Nilisimamisha pikipiki nikabaki nimeikalia, mikono juu, ingawa hakuna aliyeniambia niinue.

Mkufunzi peke yake alikuwa bado wima. Alitutazama, akawatazama watu wake waliolala, akaja kwangu taratibu. Nilianza kuomba radhi.

"Wiki tatu," akanikatiza, "wiki tatu nawafundisha kulala chini, wanalala kama wanatandika mkeka. Mwalimu, panda tena kilimani. Shuka mara mbili."

Nilishuka mara nne. Ya tano injini ilizimika, ikiwa ya moto hata buti langu likaanza kunuka. Tulifungua kisomo tukiwa na vumbi mwilini, kisha tukaisukuma pikipiki kupanda kile kilima. Katikati ya kilima mwalimu mkuu alilegeza tai.

"Nadhani," alisema akihema, "injini inajua."

Fundi hakutucheka. Alitoa plagi ya kuwashia injini akatuonyesha: nyeupe kama chaki. "Inaungua kwa njaa," alisema. Aliifungua kabureta, akainua sindano yake kidogo ili mafuta yaongezeke, akabadilisha kijitundu cha shaba kinachopitisha mafuta kwa kingine kipana zaidi. Jioni ile niliteremka hadi Ipogolo bila mlio hata mmoja. Pikipiki ilivuta kuliko siku zote nilizokuwa nayo.

Jumatatu mwalimu mkuu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimwalika fundi kufundisha sayansi darasa la sita. Fundi alikuja amevaa koti la harusi, kabureta kuukuu imo ndani ya bakuli la chai, akabaki anaipangusa kwa pindo la koti. Mwalimu mkuu alikuwa amejibana kwenye dawati la nyuma, daftari wazi, magoti yakigusa kidevu. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu," akamwambia fundi, "naomba uanze na pale hewa inapoingia."

Fundi akakohoa, akachukua chaki.