Shore Aliyekatwa Miguu Pichani

Ulimbo ukichemka na mafuta ya nazi hutoa harufu ya utamu uliooza. Nimezeeka, lakini harufu ile naijua hata usingizini. Kaka yangu Athumani alikuwa akiutengeneza kwa utomvu wa mfenesi nyuma ya jiko la mama, akaupaka vijitini, akavipachika kwenye mpera wetu. Mimi sikuambiwa kitu. Nilikuwa mdogo, na mdogo kwetu hakuambiwa.

Asubuhi moja nikamkuta ndege, shore, ametulia kwenye tawi la chini. Nikasogea. Hakuruka. Nikasogea tena mpaka nikauona uso wangu ndani ya jicho lake, mdogo kama punje ya mtama. Majani yalimfunika kuanzia kifuani kwenda chini. Nikakimbia jikoni: "Mama, shore amenipenda!"

Athumani alicheka mpaka akakaa chini. Akanishika mkono, akanirudisha mperani, akafunua majani. "Haya, mtazame mpenzi wako miguu." Vidole vilikuwa vimezama kwenye ulimbo. Mchana shore yule alikuwa chunguni. Nikalia, wakala.

Tangu siku ile, kiumbe chochote kikinitulia mbele ya uso, nakitilia shaka. Mnisamehe au msinisamehe, ndivyo nilivyo.

Sasa nilipokuwa kwa binti yangu, Bur Dubai, mkwe wangu Hamisi alikuwa amenunua kamera. Kazi yake hotelini, Ijumaa yake kupiga picha za ndege. Ijumaa moja akashuka kutoka juu ya paa la jengo, jasho linamtiririka, akanifungulia picha kwenye kompyuta. Shore! Wa kule ana mashavu meupe, lakini shore ni shore. Manyoya ungeyahesabu.

"Mama, tazama. Nimekata huku na huku, takataka zote nje. Jicho nimeliweka pembeni kidogo, ili mbele yake pabaki wazi, awe na pa kutazama."

Picha nzuri, sikatai. Ila iliishia kifuani.

"Miguu umeipeleka wapi?"

"Miguu inavuruga, mama. Mtu anatakiwa aende moja kwa moja kwenye jicho."

"Ulimkaribia kiasi gani?"

"Mkono na nusu! Hakutikisika. Nadhani amenizoea."

Nikamtazama mkwe wangu kama ninavyomtazama muuza samaki anayefunika matamvua kwa kiganja. Nikamwambia, "Hamisi, umemfunga kamba?"

Binti yangu akaruka kutoka jikoni. "Mama! Mkweo huyo!"

"Najua ni nani. Nimemuuliza."

Hamisi akakasirika, lakini ana adabu. "Wallahi sijamgusa, mama."

"Basi nionyeshe picha kabla hujaikata."

Akaifungua. Tangi la maji, bomba, kopo la rangi. Na chini ya shore, kibao cheusi kinachong'aa, cha gundi ya panya, ile inayouzwa sokoni Naif kila kona. Mlinzi wa jengo alikuwa ameitega pembeni mwa tangi. Hamisi aliikodolea macho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni kivuli."

"Yuko hai?"

"Nimemwacha sasa hivi."

Tukapanda, mimi na magoti yangu, yeye na chupa ya mafuta ya kupikia. Jua la kule halina huruma. Shore alikuwa bado wima, mdomo wazi, anahema. Nikamfunika macho kwa ncha ya leso. Hamisi akamshika, mimi nikapaka mafuta, kidole kimoja kimoja, polepole, maana ukivuta unang'oa. Mkia uliachwa pale kwenye gundi. Mwishowe akaruka vibaya vibaya, kama kuku, akatua juu ya tangi, akatuchamba kwa kelele.

"Hakukuzoea," nikamwambia Hamisi.

"Nimeona, mama." Hata kamera hakuinua.

Nilikaa pale kivulini kupumua, mikono inanata. Athumani amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na nilimshikia kinyongo kwa kicheko kile miaka na miaka. Lakini angeweza kuyaacha majani yalipo, asinionyeshe miguu ile. Shore angekwenda chunguni vile vile, nami ningekua nikiamini nilipendwa.