Niliyemwita Kula Njiani

Kabla sijaanza, elewa jambo moja: mimi si mtu wa mambo haya. Watu wakisimulia habari za mizuka, mimi ndiye nilikuwa nacheka kwa sauti kuliko wote, na mke wangu hadi leo ananikumbusha nilivyokuwa nawakera wageni sebuleni kwa maswali ya kejeli. Pombe sigusi. Siku hiyo sikuwa na homa wala usingizi, na jua lilikuwa juu. Kama unatafuta hadithi ya kutunga, nenda kwa mwingine. Haya yamenipata mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Kigoma, ila ujana wangu umeishia Johannesburg. Ni fundi pikipiki hapa Doornfontein, karakana yangu iko chini ya jengo tunaloishi. Zile pikipiki unazoziona zinapeleka watu chakula, zikigoma huletwa kwangu. Mwaka jana, wakati wa baridi, mjomba wangu aliyeko Durban aliugua. Nikasema basi la nini wakati nina pikipiki niliyoifunga injini kwa mikono yangu? Nikaondoka nayo. Nilifika salama, nikamkuta mjomba ameshapata nafuu, anagombana na manesi. Yaliyonikuta yalinikuta wakati wa kurudi.

Ukitoka Durban kuja huku unapanda mlima wa Van Reenen. Barabara inajikunja, malori yanapanda yakilia, na upepo wa mwezi wa nane unapenya hata koti la ngozi. Karibu na kilele pana mahali pa madereva kupumzika, na meza ya zege. Nikasimama hapo, nikavua helmeti, nikafungua bakuli la chapati na nyama alilonifungia mke wa mjomba. Sikuwa peke yangu muda mrefu. Ilikuja taksi, zile Toyota nyeupe za abiria, ubavuni imeandikwa jina la mji wa Bergville. Wakashuka mzee mmoja mwenye koti jeusi na bibi aliyejitanda blanketi.

Mzee alikuwa ameshika tawi. Tawi la miiba, majani bado mabichi. Alikwenda moja kwa moja hadi pale ambapo vyuma vya ukingo wa barabara vimepinda, na chini yake ni korongo. Akainama akaanza kuzungumza na hewa. Sauti ilikuwa ya upole, kama mtu anayembembeleza mtoto aamke aende shule. Nikafikiri ni ulokole tu, maana Johannesburg imenizoesha kuona watu wakiomba popote. Baadaye akageuka, tawi kaliburuta kidogo chini, wakaja wakinipita.

Sasa wewe uliyelelewa kama nilivyolelewa mimi, niambie ukweli. Unaweza kutia tonge mdomoni wazee wanapita mbele yako ukanyamaza? Huwezi. Ulimi unatangulia wenyewe. Nikanyoosha bakuli kwa mikono miwili nikasema, "Karibuni. Karibuni tule."

Mzee alisimama. Hakunijibu, hakunitazama, ila midomo ilimtetemeka. Yule bibi akajiziba mdomo kwa blanketi, akanitazama kwa macho ambayo nikiyakumbuka nakosa raha. Kisha wakaenda. Kwenye taksi, mzee alifungua mlango akasogea pembeni, kama anayempisha mtu atangulie kupanda. Akasubiri. Akalitazama tawi. Akageuka kunitazama mimi, safari hii kwa muda mrefu, hadi dereva akapiga honi. Wakaondoka kushuka mlima, nami nikamaliza chapati zangu, mjinga mimi, nikiwaona wazee wa watu hawana adabu.

Nilipowasha pikipiki tu, nilijua kuna kitu. Sikiliza, mimi ni fundi. Pikipiki yangu naijua kama ninavyojua meno yangu. Nyuma ilikuwa nzito. Shokapu zimekaa chini, taa ya mbele inatazama juu, usukani mwepesi, vile vile inavyokuwa ukimpakia mtu mzima. Nikashuka nikapima upepo wa tairi. Mzima. Nikashika cheni, nikatikisa gurudumu. Hakuna kitu. Nikapanda tena nikaondoka, na kwenye kona ya kwanza nusura niende na maji.

Waulize waendesha bodaboda wowote wakueleze. Abiria ambaye hajawahi kupanda pikipiki, ukilala kulia kwenye kona, yeye kwa woga anajivuta kushoto. Unamhisi. Kiuno chako kinamhisi. Niamini, kulikuwa na mtu nyuma yangu anajivuta kushoto. Kona ya pili, vile vile. Kisha kitu kikanizunguka tumboni, kikakaza, na ubaridi ukaniingia katikati ya mabega kupitia koti, sweta na fulana. Nilitazama chini mara kumi. Hapakuwa na mikono. Nikasoma dua zote ninazozijua, nyingine nikazichanganya, na sikuthubutu kugeuza shingo.

Tulipokuwa tumeshaimaliza sehemu kubwa ya njia, trafiki mmoja alinisimamisha. Mwanaume mnene, mchangamfu, kalamu tayari mkononi. Akaniambia, "Bhuti, wewe umevaa helmeti yako vizuri. Huyu abiria wako yake iko wapi?"

Akazunguka nyuma ya pikipiki ili amhoji mwenyewe. Sikuona uso wake alipofika huko. Nilisikia tu kalamu ikianguka kwenye lami. Aliporudi alinipa leseni yangu akiwa ameishika kwa ncha za vidole, akasema, "Nenda. Nenda tu, tafadhali." Akaingia kwenye gari lake akafunga vioo.

Umewahi kuogopa hadi ukataka kulia mbele za watu? Nililia ndani ya helmeti, mwanaume mzima, kwenye kila robot, taa za barabarani wanavyoziita huku, hadi nyumbani.

Getini kwetu anauza magwinya mama mmoja wa Kizulu, Mama Thandi, jirani wa miaka. Nilimwendea yeye kwanza, nikamweleza uzito wa pikipiki, nikamweleza ya trafiki. Alinisikiliza huku anageuza maandazi yake kwenye mafuta. Nilipotaja mzee mwenye tawi la miiba, akazima jiko.

"Hawu! Uliongea nao?"

"Niliwakaribisha chakula tu, mama. Kwetu ni adabu."

"Eish, mwanangu." Akakaa chini. "Ulimkaribisha mwenye njaa."

Ndipo akanifungulia macho. Kwao mtu akifia barabarani, roho yake hubaki palepale, haijui pa kwenda. Ndugu humfuata na tawi la mti wanaouita umphafa, wakamwambia twende nyumbani, naye hupanda kwenye tawi. Hata taksi hulipiwa kiti chake. Aliyelishika tawi haongei na mtu yeyote hadi afike, anaongea na marehemu tu, anamweleza kila mto na kila njia panda asije akapotea. Na mimi, katikati ya safari hiyo, nimemnyooshea bakuli.

"Hana ubaya na wewe," Mama Thandi akasema. "Lakini sasa hivi kwao wamepeleka tawi tupu. Mama yake anamngoja. Usipomfikisha, yule mama hatalala tena, na wewe hutalala. Juu kwa mtoto wako usipande naye."

Wakati huohuo mke wangu, ambaye ni wa Uvira, akachungulia dirishani ghorofa ya tatu na binti yetu begani. "Baba Neema! Unafanya nini huko chini? Panda, chakula inapoa!" Nilimwambia nina kazi ya haraka ya mteja. Nikalala karakanani, kama kule ni kulala, nimeegemea ukuta huku pikipiki imesimama mbele yangu, shokapu zake zimekaa chini.

Asubuhi Mama Thandi alirudi kutoka soko la dawa za miti na tawi bichi. Alilifunga nyuma ya kiti changu akizungumza nalo kwa Kizulu. Nikamwambia mimi Kizulu changu ni cha kununulia nyanya, nitamwambia nini njia nzima? Akasema, "Sema chako. Ulipomwita kula si alikuelewa?"

Basi nikaondoka kurudi nilikotoka, naongea Kiswahili ndani ya helmeti na mtu nisiyemwona. Kaka, hapa ndipo tunatoka mjini. Kaka, huu ni mto Vaal, tunavuka, shikilia. Mwanzoni nilimtajia njia tu. Mbele kidogo nikajikuta namsimulia habari za Kigoma, za mjomba, za binti yangu anayenijibu kwa Kiingereza nikimsemesha Kiswahili. Kituo cha mafuta nilionyesha kwa vidole kama bubu.

Hofu yangu kubwa ilikuwa polisi, na kweli wakatokea. Walikuwa wamefunga barabara, wanasimamisha kila chombo. Askari mwanamke akaniuliza natoka wapi. Kimya. Akauliza tena kwa ukali, mkono kiunoni. Jasho lilinitoka na baridi ile. Nikifungua mdomo, nimempoteza mtoto wa watu mara ya pili. Nisipofungua, nashushwa, nakamatwa, mgeni mimi. Nilichoweza ni kuelekeza kidole nyuma yangu. Akaliona tawi. Alivua kofia, akarudi nyuma, akawafanyia wenzake ishara wanipishe. Hakuna aliyenisemesha tena.

Lakini mlima ndio ulionitoa roho. Tulipoanza kushuka Van Reenen ukungu ulikuwa umetanda, na lori limetushukia nyuma. Kadiri tulivyokaribia pale vyuma vilipopinda, ile mikono ilizidi kunikaza, hadi pumzi ikawa inaingia kwa shida. Kisha akaanza kujivuta. Kushoto, kushoto, kuelekea ukingoni. Usukani ulikuwa unakataa. Gurudumu la mbele likagusa changarawe. Nilijua kwamba hapa ndipo alipokufa, na anaogopa, na woga wake utatuua.

Sikusoma dua. Nilimfokea, kama ninavyowafokea vijana wangu kazini. "Kaka, tulia! Hapa tunapita tu! Hapa si kwako tena, nimekuja kukutoa. Mama anakungoja. Lala na mimi. Kulia, kaka, lala kulia!"

Na akalala kulia. Kwa mara ya kwanza tangu nimpakie, alilala na mimi kwenye kona, na pikipiki ikarudi barabarani kwa ulaini. Lori likatupita likipiga honi. Sijui nieleze vipi nilichokihisi. Hofu ilikatika. Nikamwonea huruma, huruma kubwa, kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Bergville sikuhitaji kuuliza. Nilikuwa naendesha polepole, na kila niliyempita akiona tawi ananyoosha mkono kuelekea njia. Kwenye boma moja nje ya mji yule mzee wa koti jeusi alikuwa amesimama getini. Hakunigombeza. Alifungua geti akasogea pembeni kutupisha, akanionyesha nyumba ya duara. Nikalifungua tawi, nikaingia nalo, nikaliweka ukutani ndani kabisa, mahali pao pa wazee waliotangulia. Nikasema, "Kaka, umefika." Nilipotoka nje shokapu zilikuwa zimenyanyuka.

Mama yake alikuwa ameketi mkekani kando ya mshumaa. Aliniita nikae. Kijana mmoja akatufasiria. Mama huyu alikuwa na swali moja tu, akalirudia mara mbili, amenishika mkono.

"Anauliza, huko njiani mwanawe alipata baridi?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Nilikaa mbele. Upepo wote ulinipiga mimi."

Akaupeleka mkono wangu shavuni kwake, akalia kwa sauti, na nyumba nzima ikalia naye.

Tangu siku hiyo sipakii abiria. Katikati ya mabega yangu pana sehemu kubwa kama kiganja ambayo haipati joto, hata nikikaa juani, na mke wangu akinikumbatia usingizini hushtuka na kuondoa mkono. Daktari hakuona kitu. Nimeacha kumtafuta mwingine.

Basi nakuonya. Ukikutana na mtu mwenye tawi la miiba, zima ulimi wako, weka bakuli chini, tazama ardhi hadi apite. Adabu yako ya kwenu iache kwanza. Lakini kuna jambo linanikosesha raha kuliko hilo, na nakuambia wewe unayeishi ugenini kama mimi. Wetu wangapi wameanguka kwenye barabara hizi? Miili tulichangishana tukaipeleka nyumbani, au tukaizika hapahapa. Lakini nani alikwenda pale kwenye lami, akainama, akawaita kwa lugha yao? Kwa hiyo ukitoka, usimwambie mkeo naenda Durban tu. Mwambie na njia utakayopita, ajue pa kuja kukuita. Mimi sasa humtajia wangu kila mji, kila mto, kila mlima, naye ananisikiliza hadi mwisho, kisha anarudia yote bila kukosea.