Taa ya Ghala la Dizeli

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa fundi umeme kwenye shamba moja upande wa Gehandu. Meneja aliniagiza nivute waya kutoka ghala la dizeli, kule mwisho wa shamba, hadi ofisini kwake. Kule kitufe, huku taa. Mlinzi abonyeze kila saa, taa iwake, tujue kuna usalama. Nilisimika nguzo peke yangu kwenye upepo ule wa Mlima Hanang unaojaza vumbi mpaka masikioni.

Taa haikuwaka.

Nilipanda baiskeli nikapime. Waya mzima, kitufe kizima, kufuli limefungwa, na mlinzi, mzee wa rika la baba yangu, yuko macho na fimbo yake. Narudi ofisini, taa kimya. Kesho yake hivyo hivyo. Meneja akasema mzee analala, na taa isipowaka hadi Jumamosi atamfukuza. Iliniuma, maana mzee yule hakuwahi kupoteza hata debe moja, na mshahara ule ndio uliokuwa unasomesha watoto wake.

Nikarudi tena. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamwuliza, nusu nikifoka, kwa nini habonyezi.

"Mwanangu," alisema, "huko ofisini nyote ni wadogo kwangu. Mimi nitaanzaje kuwaamkia?"

Kijijini kwetu Daudi pia mdogo ndiye huanza kuamkia. Nikamwomba meneja waya mwingine na taa ya pili, ili tuanze sisi, mzee aitikie. Alinitazama kama nimeomba ndege, akasema serikali hainunui waya wa kuamkiana. Jumamosi mzee alikabidhi koti na funguo, akashika njia ya Katesh kwa miguu. Nilitamani kung'oa nguzo zote.

Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana mchangamfu. Alibonyeza kila saa bila kukosa, na meneja akawa anawaonyesha wageni ile taa. Ngano ilipokauka tukaenda ghalani kuchukua dizeli ya mashine za kuvunia. Matangi yalikuwa matupu. Kijana alishangaa kuliko sisi sote.

Meneja aliniita ofisini nieleze mtambo wangu umeharibika wapi, huku wingu la mvua limeshakaa juu ya mlima. Kabla sijafungua mdomo, taa ikawaka. Ilikuwa saa nne kamili, na ghalani kulikuwa salama.