Duara Jekundu la Mwalimu Tanabe

Pale Mabatini, Mwanza, hakukuwa na fundi wa injini kama Luhende, wala mtu wa kujifanya msomi kama yeye. Kila jioni alirudi kutoka gereji na gazeti kwapani. Akifika humkabidhi mkewe, Wilhelmina, kisha ananyoosha miguu. "Nisomee wewe, mama Rebeka. Sauti yako inanipumzisha." Wilhelmina, Mhaya wa Kilutheri aliyekulia kwenye kwaya, alimsomea mpaka matangazo ya vifo, akijiona amebahatika kupata mume wa namna ile.

Ukweli ni kwamba Luhende hakujua kusoma. Utoto wake uliishia nyuma ya ng'ombe, kule Magu. Elimu ya watu wazima ilipofika kijijini kwao alikaa nyuma, akaitikia pamoja na wenzake, akapewa cheti, basi. Afadhali afe kuliko mkewe ajue.

Miaka ya tisini magari ya mtumba ya Japani yakamiminika mjini, na pamoja nayo maboksi ya vipuri yenye maandishi ambayo hakuna fundi aliyeyaelewa. Mjapani mmoja aliyekuja kujitolea kufundisha ufundi, Mwalimu Tanabe, akaanzisha darasa la Kijapani kila Jumamosi mchana. Darasa ambalo wote hawajui kitu! Luhende hakulikosa. Jina lake aliandikiwa na Maige, fundi mwenzake, kwa kuwa mikono yake eti ilikuwa na grisi.

Huko akajiona mtu. A, i, u, e, o, sauti zilezile za kwetu. Kila alama ni silabi nzima, ka, ki, ku, ke, ko, hakuna kuunganisha herufi. Tanabe, ambaye L ilimshinda, alimwita Ruhende, na Msukuma gani, naye akichanganya L na R, atagombana na mtu kwa hilo? Wenzake waliandika kwanza maneno pembeni kwa herufi za kawaida, ndipo watafute za Kijapani, wakachelewa. Yeye hakuwa na cha kuandika pembeni.

Jaribio la kwanza karatasi yake ilirudi imejaa maduara mekundu. "Mayai matupu!" Maige akacheka, na Luhende akaificha mfukoni, akitamani ardhi ipasuke. Kumbe kwa Wajapani duara ndiyo pata, na alama yetu ya vema ndiyo kosa. Jioni alimweleza mkewe, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Basi siku ya kufunga mafunzo ikafika, na mgeni rasmi akaja, na penye mgeni rasmi pana risala. Nani aisome? Mwanafunzi bora, Luhende. Maige aliiandika na kumkabidhi asubuhi ileile. Luhende aliikunja akaitia mfukoni. Wilhelmina alikaa mstari wa mbele, anatabasamu.

Kabla ya risala kulikuwa na maonyesho. Tanabe anatoka nje, mwanafunzi anaandika ubaoni maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kijapani, mwalimu anaingia na kuyasoma. Maige aliandika "Karibuni wageni." Tanabe akasoma, akachora duara kwa chaki nyekundu, watu wakapiga makofi.

Ikawa zamu ya Luhende. Alikuwa amepanga kuandika "sato na ugali". Aliposhika chaki alimtazama mkewe, akaigusa risala mfukoni, mkono ukaandika mengine. Tanabe akaingia, macho kwenye herufi, akasoma kwa sauti silabi baada ya silabi kama kawaida yake.

"Shi-ju-i… ku-so-ma… ki-su-wa-hi-ri."

Sijui kusoma Kiswahili! Ukumbi mzima ukaelewa. Tanabe mwenyewe alielewa alipokwisha kusema, masikio yakamwiva.

"Kweli?"

"Kweli, mwalimu."

Maskini, angefanya nini? Herufi zote zilikuwa sahihi. Akachora duara kubwa.

"Yai!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nimeona aibu nyingi mjini humu, lakini ile ilinifanya na mimi, niliyekuwa mle ukumbini, niinamishe kichwa.

Wilhelmina hakucheka. Alisimama, akamfuata mumewe, akanyoosha mkono. Luhende akampa risala. Mkewe akaisoma yote kwa sauti ile ya kwaya, kama ilivyoandikwa: "Mimi, Luhende Maduhu, kwa niaba ya wenzangu…" Na mwenye jina amesimama pembeni yake, anatazama viatu.

Njiani Wilhelmina alitangulia. Walipofika mlangoni ndipo alipogeuka.

"Miaka yote hiyo, baba Rebeka, nilidhani unapenda sauti yangu."

"Naipenda," Luhende alisema.

Wilhelmina akaingia ndani kuwasha jiko. Gazeti la siku ile lilikuwa juu ya meza. Luhende alikaa mbele yake mpaka giza likaingia, na hakuthubutu kumwomba mtu amsomee.